Kinanda cha baba mkwe kinamnyima mpangaji usingizi

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Uvira, Kongo, na sasa tunaishi Buffalo, jimbo la New York. Miaka miwili iliyopita tulinunua nyumba ya mbao ya zamani, ya chini na juu. Sisi tunakaa chini, juu tumempangisha dada mmoja Mrundi. Kodi yake ndiyo inayotusaidia kulipa benki.

Tulikabidhiwa nyumba ikiwa na piano ndani. Aliyetuuzia alisema watu wanne walishajaribu kuitoa wakashindwa kwenye kona ya korido. Ni ile inayojipiga yenyewe. Unatia gombo la karatasi lenye matundu, unabonyeza swichi iliyoko chini upande wa kulia, kitu kinaanza kuvuma kama mashine ya kufyonza vumbi, halafu vibao vinashuka na kupanda kana kwamba kuna mtu asiyeonekana ameketi pale. Siku ya kwanza watoto walikimbilia jikoni.

Mwaka jana baba mkwe alitufikia kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kanisani kwetu, kabla ya vita, yeye ndiye alikuwa mpiga kinanda, kile cha kukanyaga. Kwenye sanduku la magombo alikuta matatu ya nyimbo za kanisa. Tangu hapo kila siku akishamaliza chai, kwenye saa 4 asubuhi, anatia gombo, anavuta kiti, anaimba kwa Kiswahili juu ya ule muziki wa Wazungu. Tangu mama mkwe afariki sijamwona akiwa na uso kama ule.

Sasa, dada wa juu anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Anarudi saa 2 asubuhi, analala hadi saa 8 mchana. Amevumilia miezi. Wiki iliyopita alishuka na kanga yake, macho mekundu, akasimama mlangoni akaniambia, "Dada, hata leo?" Akapanda zake. Afadhali angenigombeza.

Tumetandika mablanketi mawili juu ya piano. Mume wangu alinunua vipande vya sponji vya kubandika ukutani, duka likamhakikishia kwamba tatizo limekwisha, halikwisha. Kijana wangu wa pili akafungua mbele akashindilia mito midogo ndani, karibu na zile nyundo. Sauti haikupungua, ila noti sita hazilii tena, na hatujamwambia babu sababu.

Nauliza mawili. Je, piano hii ina mahali pa kupunguza sauti kama redio? Mbele ya vibao kuna kaubao kanakofunguka, na chini yake tumeona vishikio vitano ambavyo hakuna anayejua ni vya nini. La pili: mimi ni mkamwana. Siwezi kusimama mbele ya baba mkwe nikamwambia anyamaze. Nikimwambia mume wangu anasema, "Mwache mzee." Nifanye nini?

Mkamwana, Buffalo

*

Marahaba, mwanangu.

Mahali pa kupunguza sauti papo, na umeshapaona: ni hivyo vishikio. Ila ngoja kwanza nikueleze hicho kinachovuma, maana nashuku ndicho kinachomnyima mpangaji wako usingizi.

Gombo lenu lina matundu ya kusema noti gani ilie na ilie kwa muda gani. Hakuna tundu la kusema ilie kwa nguvu kiasi gani. Zilikuwepo piano za kifahari zilizoweza hata hilo, kama Welte-Mignon ya Wajerumani wa Freiburg iliyotoka mwaka 1904, ambayo ilikumbuka hata upole wa vidole vya mpigaji. Lakini piano ya kawaida ya sebuleni, ambayo bila shaka ndiyo yenu, iliacha kazi hiyo kwa binadamu aliyeketi mbele yake. Yeye ndiye aliyetakiwa kuilegeza na kuikaza. Na kwenu binadamu huyo ameondolewa, akawekwa mota.

Unaujua mvukuto wa mhunzi. Ule hupuliza, wa piano hii hufyonza. Chini, nyuma ya ubao wa mbele, kuna mivukuto mikubwa inayofyonza hewa iliyo ndani ya mashine. Karatasi hupita juu ya upau wa shaba wenye matundu 88. Tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba, hewa ya nje huingia kwenye mrija mwembamba wa mpira, huinua kangozi kadogo, valvu (kimlango cha hewa) hufunguka, na kamfuko ka mbao na kitambaa hufyonzwa na kujikunja ghafla. Huko kujikunja ndiko kunakoirusha nyundo kwenye nyuzi. Mvuto wa hewa ukiwa mkali, kamfuko hujikunja kwa kishindo na nyundo hupiga kwa kishindo. Ukiwa mdogo, nyundo hugusa tu. Mafundi huupima kwa inchi za maji, yaani mvuto unaweza kuinua maji inchi ngapi kwenye mrija: inchi 5 au 6 hutosha kuimba kwa sauti ya chini, na ukipita 30 piano inapiga kelele kama mnadani.

Mota iliyofungwa baadaye huwa na nguvu moja tu tangu gombo lianze hadi liishe, na aliyeifunga mara nyingi aliiweka juu ili noti zote zilie bila kusumbua. Kwa hiyo babu anaimba pole pole wimbo wa maombi, na mashine inampigia kama iko kwenye harusi.

Piga magoti mbele ya piano, utazame ubao wa chini katikati, juu kidogo ya zile pedeli ndogo za kawaida. Utakuta kajimlango, cha kuteleza au cha kufungua. Ndani yake, zikiwa zimekunjwa, kuna pedeli mbili pana za kukanyaga. Waliofunga mota mara nyingi waliziacha palepale. Zikunjue.

Hapo umeshaelewa ninakokupeleka. Mtu aliyekanyaga kinanda cha kanisa miaka mingi anajua kwa nyayo zake kitu ambacho mota haitajua kamwe: ukitaka sauti ishuke, unalegeza mguu. Na kasi ya wimbo haitakiwi kupungua anapolegeza, kwa sababu kifaa kinachozungusha gombo kina kidhibiti chake. Ikipungua, kuna tatizo, nitalifikia.

Sasa vishikio. Mpangilio hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, lakini vitano kwa kawaida ni hivi. Kimoja cha kucheza na kurudisha gombo. Kimoja cha kasi, chenye kipimo cha namba, ambacho mara nyingi kimeandikwa Tempo. Kimoja cha kuinua vizimisho, yaani vile vinavyonyamazisha nyuzi, ili ziendelee kulia. Viwili vilivyobaki ndivyo dawa yako: kimoja hupunguza sauti nzito za kushoto, kingine nyembamba za kulia, na huandikwa Soft, au Bass na Treble. Katika piano nyingi huzisogeza nyundo karibu na nyuzi, na nyundo isiyo na mbio ndefu haiwezi kupiga kwa nguvu. Kwa watengenezaji wengine hupunguza hewa ya upande huo. Vyovyote vile, vyote viwili viwekwe upande wa kupunguza na visiondolewe mchana. Wewe anza na cha kushoto, maana sauti nzito ndizo zinazopita sakafu. Nyembamba hufia njiani.

Kile cha vizimisho kiangalie kwa makini. Piano nyingi zina tundu la ziada kwenye upau linaloinua vizimisho lenyewe, na mahali pa kulizima. Lizime. Vizimisho vikiwa juu nyuzi zote huitikia hata ambazo hazijapigwa, na nyumba nzima hujaa ngurumo.

Mwombe dada wa juu saa moja ya siku yake ya mapumziko. Yeye akae kitandani kwake na simu sikioni, wewe ukae kwenye piano. Badilisha kishikio kimoja kimoja, yeye akuambie. Masikio yako ya chini yatakudanganya. Na kwake itakuwa ishara kwamba lile "hata leo?" lilisikika.

Kuna tatizo moja ambalo linaweza kukukuta hapo, na ndilo nakutana nalo kuliko yote. Mtaweka vishikio chini, mtakanyaga polepole, na noti nyingine zitakataa kulia kabisa, au gombo litaanza kuburuta. Mtasema piano ni mbovu, mtarudi kwenye mota. Msirudi. Hiyo ni piano inayovuja. Vitambaa vya mivukuto vilipakwa mpira. Vikifikisha miaka mingi hukauka na kupasuka kwenye mikunjo, na ngozi za valvu hukakamaa. Hewa inaingia kila mahali, kwa hiyo inabidi uvute kwa nguvu ili ibaki ya kutosha, na noti zilizo nzima zinapata nguvu kupita kiasi. Piano nyingi nilizoitiwa kwa sababu ya kelele zilikuwa na ugonjwa huu. Wenyewe walitaka wazibiwe sauti, kumbe kilichohitaji kuzibwa ni matundu.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Tia gombo lolote, lisimamishe pale mwanzoni ambapo karatasi haina matundu, kasi iwe sifuri. Kanyaga. Baada ya mara chache miguu inapaswa kukuta ukinzani, kama unakanyaga godoro lililojaa. Ikiwa miguu inaenda tu kama kwenye baiskeli iliyokatika mnyororo, inavuja.

Kubadilisha vitambaa na ngozi ni kazi ya wiki nyingi na si rahisi kwa bei, sitakudanganya. Ukitafuta fundi, Marekani kuna chama chao, Piano Technicians Guild, lakini usiridhike na cheti. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kulinganisha nyuzi na asijue kitu kuhusu mivukuto. Muulize mara ya mwisho alifungua lini mashine ya magombo. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru, mwache.

Kabla ya matengenezo makubwa hayo, yapo madogo mawili ambayo fundi huyo anaweza kuyafanya kwa siku moja. La kwanza ni kuweka valvu kwenye mpira mkubwa unaotoka kwenye mota, ya kuruhusu hewa kidogo ya nje iingie. Ukiifungua mvuto unashuka, ukiifunga unapanda. Hapo mota nayo itakuwa na kitu kama kitufe cha redio, kwa siku ambazo magoti ya mzee hayataki kukanyaga. Akiwa huko chini aangalie na waya wa mota. Kama ni ule wa zamani uliofungwa kitambaa, abadilishe. Na ondoeni blanketi lolote lililo karibu na mota hiyo leo hii, inapata joto.

La pili ni pazia la felti. Ni ukanda wa sufu iliyoshindiliwa unaoning'inizwa kwenye fito ili ushuke kati ya nyundo na nyuzi. Piano nyingi za kusimama zinao, na pedeli ya katikati ndiyo huushusha. Jaribuni kuikanyaga kwanza, labda upo. Kama haupo, hufungwa. Sauti inashuka sana na kuwa kama inatoka chumba cha pili. Haitapendeza sikio la kila mtu, mimi mwenyewe naona inaupa muziki mafua, lakini mpangaji wako hajaomba uzuri. Fundi asiweke felti nene mno, la sivyo noti za haraka zitagugumia.

Aziangalie na nyundo zenyewe. Felti yake ikipigwa miaka mingi hushindiliwa ikawa ngumu na kuchimbika mistari ya nyuzi, na sauti inakuwa kali kama bati. Fundi huzichonga upya na kuzichoma kwa sindano maalumu ili zilainike. Usimruhusu yule kijana wako ajaribu.

Kuhusu mablanketi na sponji. Sauti ya piano ya kusimama haitoki sana juu. Inatoka mgongoni, kwenye ubao mpana wa sauti ulio nyuma ya nyuzi. Ikiwa mgongo huo umeegemezwa ukutani, ukuta wote unaimba. Na nyumba nyingi za mbao za zamani huko zilijengwa kwa nguzo ndefu za mfululizo kutoka msingi hadi darini, katikati ya ukuta pakiwa wazi. Ni bomba la sauti, linaishia ubavuni mwa kitanda cha dada. Sponji za ukutani hupunguza mwangwi wa chumba chenu. Hazizuii kitu kinachosafiri ndani ya mbao. Blanketi zito lina kazi yake, lakini liwe nyuma, likining'inia bila kugusa ubao wa sauti, na piano isogezwe kutoka ukuta wa nje na ngazi, walau kiganja na nusu kutoka ukuta wowote. Chini ya kila gurudumu weka kikombe cha mpira mgumu, na chini ya vyote zulia nene. Fungeni na vile vimilango vya kuteleza mbele ya gombo likishaanza.

Kusogeza si kazi ya mume wako na shemeji mmoja. Piano hizi hupita kilo 300 kwa sababu ya ile mashine iliyoongezwa ndani, na uzito wake uko juu na nyuma, huanguka chali. Waiteni wanaojua.

Nilipoona umeandika Buffalo nilicheka peke yangu. Mwaka 1908 watengenezaji wa piano hizi walikutana katika mji huo wenu, wakakubaliana kwamba magombo ya noti 88 yawe na kipimo kimoja, upana wa inchi 11 na robo. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Na kampuni ya QRS ilikata magombo hapohapo Buffalo kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo mzee wako akichoka na matatu yake, magombo ya zamani yanayoingia kwenye piano yenu yamejaa kwenye minada ya nyumba za huko, mengine yana maneno ya wimbo yamechapwa ukingoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za aina hii. Kisha redio ikaja, halafu mdororo wa 1929, zikabaki kwenye sebule za watu kama hiyo yenu, hazitoki mlangoni.

Haya, sasa la baba mkwe. Umesema sawa, si wewe wa kumwambia, na hata mume wako simshauri aende na neno "kelele". Mzee aliyeacha kinanda chake Uvira hatakiwi kusikia kwamba hata hiki ni kero. Mwambie mume wako aende na zile pedeli. Azikunjue mbele yake, amwambie, "Baba, nimeambiwa na fundi kwamba hii mota inaipigia ovyo, kinanda hiki kilitengenezwa kikanyagwe. Hatuna anayejua." Halafu anyamaze.

Kisha amwonyeshe vishikio viwili vya Soft na kumwachia. Siku chache baadaye, mzee akishaona tofauti, ndipo mume wako ataje kwamba dada wa juu hulala asubuhi, na aulize kama saa 10 jioni, dada akiwa ameamka na watoto wametoka shule, haingekuwa saa nzuri zaidi ya kuimba. Kama ni mzee niliyemwelewa kwenye barua yako, atauliza mwenyewe kwa nini hakuambiwa mapema. Wajukuu wakikaa naye hiyo saa 10, mkae mjue kelele itakayobaki ni ya kwao.

Asubuhi ikibidi sana, pazia la felti lishushwe, gombo moja tu kati ya yale matatu, na yeye akanyage.

Noti sita sasa. Nadhani mito haikuziua; ilipokuwa inashindiliwa, huenda ilichomoa mipira myembamba kutoka kwenye upau wa shaba au kwenye valvu. Mipira hiyo imepangwa kwa mfuatano, iliyochomoka utaiona ikining'inia. Zimeni mota, chomoeni waya ukutani, kijana atoe mito yote aliyoiweka, ahesabu aliyotoa. Mpira wenyewe aurudishe fundi, au baba yake kwa uangalifu, kwa sababu ya zamani hukatika ukiivuta. Katika piano nyingi za wakati ule, baadhi ya mirija hiyo si mpira bali ni risasi, ile metali laini ya kijivu yenye sumu. Wadogo wasiiguse, na huyo kijana anawe mikono vizuri kabla hajala.